Onja Kavu, Ndipo Uzimue

Wapo watu, na wengi wao ni wasomi wenzangu, waliokwisha kukubaliana kwamba mtu anayekunywa pombe kali bila kuichanganya na kitu ni mlevi, na kwamba yule anayeitia soda, barafu na kipande cha limau ni mstaarabu. Maneno haya nimeyasikia katika sherehe za harusi, katika vikao vya wastaafu, na hata kinywani mwa mganga mmoja wa zahanati ambaye kwa kazi yake angepaswa kujua zaidi. Mimi nayapinga. Siyapingi kwa kupenda ubishi tu, ingawa walionijua chuoni watasema nami ni mbishi. Nayapinga kwa sababu hapa Rwamgasa nimeyaona yanavyowazika vijana.

Nisieleweke vibaya. Ndugu zetu wa AIC, na Wasabato, ambao ni wengi katika sehemu hizi, hawagusi pombe kabisa, nami nawaheshimu kwa hilo. Insha hii si yao, na wanaweza kuiruka bila kukosa kitu. Nasema na mtu anywaye. Mtu huyo, awe tajiri mwenye duara au kijana anayebeba mawe kwa ujira wa siku, ana haki ya kujua kilichomo ndani ya glasi yake, na chombo cha kwanza alichopewa na Mungu cha kujulia ni ulimi.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, alinijia na chupa ya Jim Beam aliyoinunua Mwanza.

“Shikamoo Mwalimu,” akasema. “Hii ni wiski ya Wamarekani, inaitwa bourbon. Lakini ukitaka kuinywa, changanya na Coca-Cola. Ikiwa kavu inachoma.”

“Marahaba,” nikamjibu. “Umeniletea wiski au umeniletea soda?”

Akacheka, akadhani natania. Nikamwambia akae, tufanye kama tulivyokuwa tukifanya maabara. Nikachukua glasi mbili zilizo sawa, na kikombe kile kidogo cha kupimia dawa ya watoto. Katika kila glasi nikatia mililita 30, yaani toti moja ya baa. Moja tukaiacha kavu. Ya pili tukaijaza Coca-Cola baridi na mapande ya barafu yaliyotoka dukani kwa jirani.

Ile kavu, ukiitia pua ghafla, hukupa moto wa spiriti tu na macho yakalengwa na machozi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Subiri kidogo, ufungue mdomo nusu, unuse tena polepole. Kwanza nilipata sukari iliyoungua sufuriani. Halafu vanila. Kisha harufu ya mbao ambayo seremala ametoka kuipiga randa. Na chini kabisa, baada ya hayo yote, nikakuta kitu nilichokijua tangu utoto wangu: mahindi ya kuchoma, pale penye punje zilizokolea moto kuliko nyingine. Nilipoionja ilianza tamu, ikafuata moto, na mwisho ukabaki ukakasi wa mbao ulimini, kama mtu aliyetafuna mswaki wa mti. Nikaongeza kijiko kimoja cha maji. Moto ukapungua, na mahindi yakajitokeza zaidi.

Sikushangaa, maana nilikwisha kusoma. Kwa sheria ya Marekani, bourbon lazima itokane na nafaka ambazo angalau asilimia 51 yake ni mahindi. Lazima ikae ndani ya pipa jipya la mwaloni lililounguzwa kwa ndani. Isiingie pipani ikiwa na kilevi cha zaidi ya asilimia 62.5, wala isitiwe chupani ikiwa chini ya asilimia 40. Inapotoka mtamboni haina rangi, ni nyeupe kama maji, na kwa macho tu huwezi kuitofautisha na gongo ya hapa kijijini. Rangi yote ile ya asali, na vanila ile, ni kazi ya mbao iliyoungua. Pipa likitumika mara moja haliwezi kutumika tena kwa bourbon. Mengi huuzwa Uskoti, na Waskoti huyatumia kuhifadhia wiski yao. Kwa hiyo niliyokuwa nimeishika mkononi ilikuwa, nasema bila utani, gongo ya mahindi iliyopelekwa shule.

Kisha nikaonja glasi ya pili. Nilionja Coca-Cola. Baridi, tamu, na kwa mbali sana ile vanila. Mahindi hayakuwapo, mbao haikuwapo, na kubwa kuliko yote, moto haukuwapo. Mwanafunzi wangu aliichukua glasi hiyo akaimaliza kwa mikupuo mitatu, wakati ile kavu ilikuwa imetuchukua karibu nusu saa sisi wawili na haijaisha.

“Ulivyokunywa vina tofauti gani?” nikamwuliza.

“Hii inapita vizuri, Mwalimu.”

Inapita vizuri! Hilo ndilo shtaka langu. Moto wa pombe kali si kasoro inayotakiwa kuondolewa. Ni askari aliyesimama mlangoni. Anakwambia kitu hiki ni kikali, kinywe kwa adabu. Ukimwondoa askari huyo kwa sukari na barafu, nguvu ya pombe haipungui hata tone. Kinachoondoka ni onyo peke yake. Na sasa watuambie, nani mstaarabu kati ya aliyekaa na toti moja nusu saa akijua anakunywa nini, na aliyemeza ileile kwa dakika mbili akidhani ni kinywaji cha watoto?

Tuache maneno tuchukue hesabu, na ni hesabu ambayo darasa la saba wataiweza. Chupa ndogo ya mfukoni ya mililita 250, yenye kilevi cha asilimia 35, ina mililita 87.5 za kilevi halisi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo chupa ile ndogo ni sawa na bia tatu na nusu. Vijana wetu huimimina yote ndani ya lita moja ya soda. Sasa wana lita moja na robo ya kinywaji chenye kilevi cha asilimia 7: kikali kuliko bia, na kitamu kama peremende. Bia hujitetea yenyewe, ni chungu na inajaza tumbo. Mchanganyiko ule haujitetei kwa lolote. Hunywewa kwa kiu, juani, na mtu aliyetoka kuponda mawe.

Yapo mabaya zaidi ya soda. Siku hizi wanachanganya na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, vya kopo na vya chupa za plastiki, ambavyo vimejaa kafeini. Kafeini huondoa usingizi, lakini haiondoi kilevi katika damu. Mnywaji anabaki amelewa vilevile, ila hana habari. Marekani waliliona hili. Mwezi Novemba 2010 mamlaka yao ya chakula na dawa iliyaandikia makampuni manne yaliyokuwa yakiuza pombe iliyotiwa kafeini tayari kiwandani, ikisema kafeini hiyo si salama katika pombe, na vinywaji hivyo vikaondolewa sokoni au vikatolewa kafeini. Huku kwetu hakuna haja ya kiwanda. Mnywaji anajitengenezea mwenyewe kwenye meza ya baa, na mhudumu anamletea chupa zote mbili kwenye sinia moja.

Basi fikiria mtu huyo anashuka duarani. Msomaji asiyejua machimbo ya wachimbaji wadogo ajue kwamba duara ni shimo linaloweza kwenda chini makumi ya mita, na mara nyingi mtu huteremka kwa kamba na kwa kukanyaga vipande vya miti vilivyopachikwa ukutani. Kijana mmoja ambaye baba yake nilimfundisha kusoma alishuka hivyo asubuhi moja baada ya kukesha. Kamba haikukatika, wala kuta hazikuporomoka. Aliachia mikono. Msibani niliwauliza wenzake kama alikuwa amelewa. Wakaniambia, na walikuwa wakisema kweli kwa jinsi walivyojua wao, kwamba hapana, Mzee, hakuwa amelewa, usiku kucha alikuwa anakunywa soda.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba serikali imekwisha kushughulikia jambo hili, kwa kuwa viroba vilipigwa marufuku. (Kwetu sisi kiroba kilikuwa kwanza ni mfuko wa kubebea mawe ya dhahabu, baadaye ndipo likawa jina la kipakiti cha pombe kali, na kwa muda mtu akisema amebeba viroba viwili ilibidi umwangalie mgongoni na mfukoni.) Ni kweli, Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza marufuku hiyo, akiwa Mirerani, mji wa tanzanite, na ikaanza kutumika Machi 1 mwaka huohuo. Uganda nayo ikavifuata mwaka 2019. Nilishangilia. Kipakiti kile kilikuwa kikiuzwa kwa sarafu, na watoto wa shule walikificha kwenye soksi. Lakini marufuku ilihusu kifungashio, na ulimi wa kijana ulikuwa umekwisha kufundishwa kwamba pombe kali ni kitu cha kumeza haraka bila kukionja. Kipakiti kilipoondoka ikaja chupa ndogo, na pembeni yake soda. Tabia haikuguswa.

Turudi kwa Wamarekani, maana hao ninaowapinga hupenda sana kutolea mfano watu wa nje. Wanadhani wiski ilizaliwa ikiwa na lebo na kizibo. Haikuzaliwa hivyo. Ilizaliwa kwa wakulima waliokuwa mbali na soko, wenye nafaka nyingi na barabara mbovu, wakaona kwamba mzigo wa farasi watatu ukigeuzwa pombe utabebwa na farasi mmoja. Mwaka 1791 serikali ikawawekea kodi. Wakulima wa Pennsylvania wakakataa, wakawafukuza wakusanya kodi, wengine wakawapaka lami na manyoya, na mwaka 1794 Rais George Washington akakusanya askari wapatao 13,000 kwenda kuwatuliza. Na Washington huyohuyo, baada ya kuacha urais, alijenga mtambo wa wiski katika shamba lake la Mount Vernon, na mwaka 1799 ukatoa karibu galoni 11,000. Aliyewapelekea jeshi wapika pombe akawa mpika pombe mkubwa kuliko wao. Sisemi hivi kumdharau marehemu. Nataka tu wale waheshimiwa wanaomwaga mapipa ya gongo mchana na kuagiza wiski jioni wajue kwamba wana wa kufanana naye.

Na wala haikuwa salama. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Marekani walikuwa wakichukua spiriti yoyote ya bei rahisi, wakaitia rangi, maji ya tumbaku na viungo, wakaiuza kwa jina la wiski kuukuu. Dawa iliyopatikana mwaka 1897 haikuwa kupiga marufuku. Walitunga sheria kwamba mpishi akitaka, serikali itaweka kufuli lake kwenye ghala. Wiski iwe ya mpishi mmoja na ya msimu mmoja, ikae humo angalau miaka minne, itoke ikiwa na asilimia 50, na juu ya kizibo uwekwe muhuri wa serikali. Baadaye, mwaka 1920, wakajaribu ile dawa nyingine, ya kukataza kabisa, na mnajua ilivyokwenda hadi walipoifuta mwaka 1933. Katika miaka hiyo spiriti ya viwandani ilikuwa ikitiwa sumu kwa amri ya serikali ili isinyweke, watu wakainywa hivyohivyo, wakapofuka na kufa. Na ndipo mchanganyiko ulipopewa kazi mpya. Kuchanganya kulikuwapo zamani, gazeti moja la New York lilikwisha kueleza maana ya koktelii mwaka 1806. Lakini chini ya marufuku ile, juisi, asali na sukari vilitumika kufunika ladha ya pombe mbovu. Huo ndio ustaarabu tunaoambiwa tuuige.

Sasa nije kwenye pombe yetu. Huita moshi, piwa, machozi ya simba, na Wakenya chang'aa. Wahaya huipika kwa ndizi na kuiita enkonyagi, watu wa pwani kwa mabibo, na sisi huku kwa pumba za mahindi, mihogo au sukari. Unachachusha, unaweka pipa motoni, mvuke unapita kwenye mpira au bomba lililozama katika maji baridi, na upande wa pili inadondoka. Kanuni yake ni ileile ya Kentucky. Kilevi huchemka katika nyuzi 78 za Selsiasi, maji katika 100, na mpishi anaishi kati ya namba hizo mbili, awe na shahada au asiwe nayo.

Na hapa Rwamgasa kanuni hiyo ilikuwa na kazi nyingine, ambayo hunisikitisha kila nikiifikiri. Kati ya mwaka 2002 na 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, katika mradi wake wa zebaki, lilikuja kijijini kwetu kupima sumu ya zebaki na kuwafundisha wachimbaji kutumia ritoti. Ritoti ni nini? Ni chungu cha chuma chenye bomba. Unaweka ndani dhahabu iliyoshikamana na zebaki, unapasha moto, zebaki inageuka moshi, moshi unapita bombani, unapoa, unarudi kuwa zebaki badala ya kuingia mapafuni mwako na kwa mtoto uliyembeba. Wageni wale walieleza kwa michoro. Nusu ya wanawake wa kijiji walikuwa wanaijua elimu hiyo tangu kwa bibi zao, kwa kuwa ndiyo elimu ya gongo. Lakini nani angewaita mbele wakasaidie kufundisha? Elimu yao ilikuwa ni kosa la jinai. Wachimbaji wakaendelea kuchomea dhahabu kwenye kopo, mbele ya mlango.

Mpika gongo wa kwetu, kwa kawaida, ni mama mjane au aliyeachwa, mwenye watoto shuleni. Ni yeye anayepika usiku porini, anayekimbia polisi, anayelipa faini. Na kwa kuwa anapika kwa hofu, anapika vibaya: kwa chombo chochote atakachopata, hata rejeta ya gari kuukuu ambayo viungo vyake vimeungwa kwa risasi, na risasi hiyo huishia katika pombe. Mpe mama huyo mchana na bomba safi la shaba, atapika vizuri.

Hapa lazima niseme jambo ambalo linaipunguzia nguvu hoja yangu ya mwanzo, maana sitaki mtu afe kwa kunielewa nusu. Ulimi utakwambia ukali. Ulimi hautakwambia methanoli. Sumu hiyo inafanana na pombe ya kawaida kwa harufu na kwa ladha, na vijana wanaoipima kwa kiberiti wakisema mwali wa bluu ni dalili njema wanajidanganya, kwani methanoli nayo huwaka hivyo. Ikiingia mwilini ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ile ambayo wanakemia waliitoa kwanza kwa sisimizi, na asidi hiyo hushambulia macho kabla ya kuua. Na methanoli hii inayoua watu kwa makundi haitoki katika pumba za mama yetu. Pumba, mahindi na sukari vikichachuka hutoa methanoli kidogo sana. Ile ya kuua ni ya viwandani, imenunuliwa kwenye madebe na mfanyabiashara anayetaka kuongeza ukali haraka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Nairobi Novemba 2000, walipokufa zaidi ya watu 100, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kusini magharibi mwa Uganda mwaka 2010, walipokufa makumi ya watu kwa waragi. Kwa hiyo ulimi una kazi yake na maabara ina kazi yake, na mchanganyiko wa soda huinyang'anya kazi ya kwanza, na marufuku huinyang'anya kazi ya pili. Nani atapeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali chupa ambayo kuimiliki tu ni kosa?

Majirani wetu wa Uganda walifikiri mapema. Kwa sheria ya mwaka 1964 walitaka wapishi wa enguli wapate leseni na kuuza pombe yao kwa kiwanda, isafishwe na kutiwa chupani, na mwaka uliofuata ikaanza kutoka Uganda Waragi, ambayo leo hunywewa hadi London na mtu haoni haya. Sisi tulikuwa na Konyagi ya Tanzania Distilleries, kinywaji kizuri, na nashauri nayo ionjwe kavu angalau mara moja kabla ya kuhukumiwa. Lakini kati ya kiwanda cha Dar es Salaam na mama wa Rwamgasa hapakujengwa daraja.

Watasema: Kenya walihalalisha chang'aa mwaka 2010, na mwaka 2014 watu wengi wakafa tena, Embu na kwingineko. Hii ni hoja ya kweli na si ya kubezwa. Lakini tazama walivyohalalisha. Sheria ilidai kiwango, leseni na chupa, mambo ambayo mwenye kiwanda anayaweza, na mama wa mtaa wa mabanda hayawezi hata akiuza nyumba. Kwa hiyo mama alibaki gizani kama zamani, na waliojitokeza ni wenye mitaji, baadhi yao wakiwa na madebe yaleyale ya methanoli na lebo za kupendeza. Walihalalisha jina la kinywaji wakamwacha mpishi. Mimi nataka kinyume chake: chama cha wapishi katika kila kata, mtambo mmoja wa pamoja wa shaba, bei ya leseni inayolingana na mtaji wa pumba, na afisa anayechukua chupa moja ya kila mpiko kuipeleka kupimwa. Nchi iliyoweza kukusanya pamba ya kila mkulima wa Usukuma kwa vyama vya ushirika, ikiipima daraja kwa macho na vidole, haiwezi kusema kwamba kazi hiyo ni ngumu.

Watasema pia gongo inaharibu maini na ndoa. Inaharibu. Na Jim Beam inaharibu, na ile yenye limau na barafu inaharibu, kwa bei kubwa zaidi. Ini halisomi lebo.

Tena jambo lenyewe halihitaji hata sheria mpya. Tunayo Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, na wengi wanaoitaja mahakamani hawajaisoma. Haikusema kwamba moshi usipikwe kabisa. Ilisema usipikwe bila leseni, na maana ya leseni ni kwamba yupo mtu anayepaswa kuitoa. Mwaka jana nilikwenda katika ofisi moja, sitaitaja, kuuliza fomu ya kuombea leseni hiyo kwa niaba ya mama mmoja wa kitongoji chetu, ambaye gongo yake niliionja kavu na kuiona safi, yenye harufu ya mahindi kama ile ya Kentucky kabla ya kutiwa pipani. Kijana aliyekuwa mezani aliniamkia vizuri, akaniuliza, “Moshi wa nini, Mzee?” Nikamweleza. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mkubwa wao, wakatafuta kabatini, wakanipa kiti na chai. Saa nane mchana wakaniandikia kwenye kipande cha karatasi jina la ofisi nyingine, mkoa mwingine. Nimeandika huko barua mbili. Mama yule tunakutana mnadani kila wiki, na hunisalimu, kisha huniuliza kama fomu imepatikana.